Kidole Kilichokaa Eda

Kaloleni, Arusha
14 Februari 1998

Mwanangu Zakia,

Assalaam alaykum. Mimi shangazi yako ni mzima, wa kula na kulala, na nakuombea uzima huko Maskati kwenye joto lenu. Huku mvua za Elnino zimetuachia matope mpaka mlangoni. Choo cha jirani kimebomoka na sasa nusu ya mtaa wanapanga foleni uani kwangu. Baba yako mdogo Athumani ameandika kutoka Tanga kwamba mkewe kajifungua tena mtoto wa kike. Idi tulikula vizuri. Nalepo, yule mama wa Ngaramtoni anayeniletea maziwa, anakusalimia na kuuliza lini unarudi uolewe. Hata mimi nauliza.

Kidude chako kimefika. Yule mfanyabiashara uliyempa alikileta ndani ya soksi, akanielekeza nikibane kidoleni nitulie. Nimekibana. Asubuhi kikasema 81. Nikabadilisha kidole, 93. Baada ya adhuhuri 78, halafu kikatoa vistari tu kama mtu aliyekosa la kusema. Nikambana Nalepo, ambaye alishuka kwa miguu na dumu la maziwa mgongoni: 96. Sasa niambie wewe uliyesomea uuguzi, ni mashine gani hii inayopanda na kushuka kama bei ya sukari tangu watuletee hilo soko huria lao.

Kifua changu usikitilie maanani. Nilikulea kwa maandazi niliyokaanga kwenye jiko la maranda, moshi wa vumbi la mbao ukiniingia miaka yote hiyo, na kikohozi hiki ndicho kilichobaki. Siku hizi sikaangi. Nimebaki na kupaka maharusi hina tu, kazi ya kukaa, na baada ya Idi maharusi wamefuatana mpaka mikono haipumziki. Kwa hiyo usinifanye mgonjwa.

Shangazi yako,
Zamda

Maskati
19 Machi 1998

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini tope limekauka na choo cha watu kimejengwa. Huku mimi sijambo, zamu za usiku zimenichosha lakini chakula kipo na wenzangu ni watu wazuri. Mpe baba mdogo hongera zangu.

Barua yako imenifikia jana, zaidi ya mwezi tangu uiandike. Niliifungua kantini, nikaisoma, nikasukuma sahani pembeni. Shangazi, 78 si namba ya kufanyia mzaha. Kidude hicho kinapima oksijeni iliyomo kwenye damu yako. Mtu asiye na tatizo anapata tisini na tano kwenda juu. Arusha mko juu mlimani, kwa hiyo inaweza kupungua kidogo, lakini kidogo tu. Ikishuka chini ya tisini sisi hapa tunaanza kukimbia. Mwenye 78 anawekewa mpira puani, wewe unaniandikia "wa kula na kulala".

Tafadhali fanya hivi. Kaa, pasha mikono moto, tulia kwanza kabla ya kupima. Halafu nenda hospitali wakakupige picha ya kifua. Usiende kesho, nenda leo.

Kuna jambo jingine na najua utakasirika. Nimemwandikia baba mdogo. Tanga iko usawa wa bahari, hewa ya chini ina oksijeni zaidi, na kwa mtu mwenye namba kama zako hiyo ni dawa tosha. Nimemwomba akuandalie chumba. Mvua zikiisha aje akuchukue.

Mwanao,
Zakia

Kaloleni
3 Mei 1998

Zakia,

Wa alaykum salaam. Hatujambo. Mtoto wa Athumani wamempa jina Salha, anyonye akue. Kile choo kimejengwa, tena cha sementi, sasa mwenyewe anatunyima ufunguo.

Umeniuza, mwanangu. Athumani ameniandikia barua yenye sauti ya mjumbe wa nyumba kumi. Chumba kiko tayari, kitanda kiko tayari, "dada usiwe mbishi". Mimi nilimbeba huyo mgongoni nikiwa sijaota meno yote ya utu uzima, leo ananipangia pa kulala. Na wewe ndiye uliyempa maneno.

Hospitali nimekwenda, ili usipate la kusema. Nimepimwa makohozi, si TB. Nimepigwa picha. Daktari kaniuliza kama navuta sigara, nikamwambia sijawahi, akaniuliza tena kama mtu anayemhoji mwizi. Nilipomweleza habari za maranda na mkaa akaandika kwa muda mrefu. Anasema mapafu yamechoka kwa moshi, hayatarudi yalivyokuwa, ila yanaweza kutunzwa. Amenipa dawa ya kupuliza mdomoni. Yupo nesi mmoja pale, Eunike, Mmeru, amenifundisha kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Inasaidia. Nimeona nikwambie na hilo ili usiseme nakataa kila kitu.

Linaloniudhi si ugonjwa, ni midomo. Nilikohoa kwenye harusi ya Engutoto nikiwa nimeshika mguu wa bibi harusi, na shangazi yake akauvuta ule mguu kama nimeushika na moto. Wiki hiyo hiyo wawili wakaahirisha. Wanasema ni TB, na wengine wanasema ile nyingine ya siku hizi ambayo hawaitaji jina. Nikikimbilia Tanga sasa hivi watasema kumbe kweli. Sitaki kuwapa raha hiyo.

Namba za wiki hii: Jumatano 92, Ijumaa 77, jana 80. Hiyo Ijumaa nilitoka kupaka maharusi wawili Kimandolu na nikapanda kile kilima kwa miguu yangu. Mtu wa 77 anapanda kilima? Lini unarudi?

Zamda

Maskati
11 Juni 1998

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo tena, na nisamehe. Nacheka hapa mpaka mwenzangu wa chumbani anauliza nimepata nini.

Juzi waliletwa wodini mama na binti yake aliyeolewa wiki iliyopita. Tumembana binti kipimo, 79, na binti anazungumza na kula tende. Tukabadilisha kidole, 82. Msimamizi wetu akamshika mkono, akamgeuza kucha, akanitazama. Shangazi, kucha zilikuwa nyeusi tii. Kidude kinapitisha mwanga kwenye kidole na kuusoma ukitokea upande wa pili. Ukucha wenye piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, unauzuia ule mwanga, kinasoma uongo au hakisomi kabisa. Tukambana kwenye kidole cha mguu ambacho hakikupakwa: 98.

Na mimi nimekulia kwako, nimelala kwenye harufu ya hina tangu nina miaka minne, nikamtumia mpakaji hina mashine ya kubana kucha na sikufikiri. Mikono yako hiyo ndiyo ninayoiota, tena naiona ikiwa myeusi ncha zote, na bado sikufikiri.

Sasa fanya hivi. Chagua kidole kimoja, kikwangue ukucha wote unaoweza, usikipake tena, kiote upya. Pima hicho tu. Baba mdogo nimemwandikia asubiri kwanza. Huenda huna shida kubwa hata kidogo. Nasema huenda.

Zakia

Kaloleni
20 Julai 1998

Mwanangu mpenzi Zakia,

Wa alaykum salaam warahmatullahi. Mimi ni mzima. Baridi ya mwaka huu ni ya kutafuta ugomvi, Meru hatujauona wiki nzima, ukungu unaingia mpaka jikoni. Nalepo amekuja leo na blanketi mbili na bado anatetemeka, maziwa yamekuwa baridi kama ya dukani.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliwasomea watu uani kwa sauti. Kwa hiyo mashine ilikuwa inapima piko. Nimemwandikia Athumani kurasa mbili. Nimemwambia alitaka kuhamisha kucha zangu, si mimi. Amejibu kwa adabu safari hii, anasema sawa dada, nilikuwa na hofu tu.

Kidole nimechagua kile kidogo cha kushoto. Nimekikwangua kwa wembe na limau na hakipakwi tena. Sasa sikiliza. Unajua watu wanavyotazama mikono ya mpakaji hina kabla ya kumpa mtoto wao. Ndiyo sahani yake ya maonyesho. Na unajua ni mwanamke gani hapa kwetu anayeacha kucha nyeupe. Basi wa kwanza aliyekiona akaniuliza kwa kunong'ona, "Bi Zamda, nani amefariki?" Nikamwambia hajafa mtu, ni kidole hiki tu kimefiwa na vidole tisa vimekataa kukaa msiba. Tangu hapo mtaa mzima wanakiita kidole cha eda. Wanakuja kukitazama. Wengine wanakaa, wananywa chai, na mmoja kati ya wale walioahirisha amerudi na binti yake.

Eda haikatizwi, mwenyewe unajua. Kidole kikimaliza nitakwambia. Kwa sasa nakwambia tu kwamba sihami. Wewe kula, ulale, na unijibu lile swali langu.

Shangazi yako aliyeshinda,
Zamda

Maskati
30 Agosti 1998

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kwa hicho kidole cha eda, nimewasimulia wodi nzima.

Lakini nimeisoma barua yako tena. Ina ukungu, ina maziwa, ina kurasa mbili za Athumani na chai ya majirani. Haina namba hata moja. Ulikikwangua kwa wembe na limau, kwa hiyo siku hiyo hiyo ungeweza kupima. Nakujua, ulipima.

Namba, shangazi.

Zakia

Maskati
27 Septemba 1998

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu. Nimepiga simu kwenye lile duka la simu karibu na soko, yule kijana akasema atakuita, akarudi akasema nyumba imefungwa na majirani hawataki kuzungumza naye. Wewe hufungi nyumba mchana.

Nimempigia baba mdogo kazini kwake. Anakuja. Sikumzuia na sitamzuia. Kama umenikasirikia, nikasirikie, lakini andika.

Mwanao,
Zakia

Kaloleni
2 Novemba 1998

Mwanangu Zakia,

Assalaam alaykum. Athumani ni mzima, mkewe ni mzima, mtoto Salha ameanza kutambaa. Nalepo ni mzima na ndiye aliyenitunzia nyumba na ufunguo. Sasa zamu yangu, na safari hii sikufichi.

Ulisema kweli, nilipima siku ile ile. Kidole kikiwa bado kinawasha kwa limau kilisema 88 nimekaa. Nikaenda bombani na ndoo nusu, nikarudi, 80. Nilikichukia kidude chako siku hiyo. Nikiwa na piko nilikuwa na uongo wa kujificha nyuma yake, na wewe ndiye uliyenivua. Nikakuandikia vichekesho kwa sababu niliogopa, Zakia. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku baba yako Najim alipofariki nikabaki na wewe mkononi.

Mwishoni mwa Agosti baridi iliingia kifuani. Nalepo alinikuta nimekaa kitandani nimeinamia magoti, siwezi kumaliza neno. Alinipeleka hospitali. Eunike alinibana kipimo chao kwenye kidole cha kwanza, vistari, cha pili, vistari, akaanza kupiga kelele waniletee mtu wa kuniosha mikono. Nikamnyooshea kile cha eda. Kikasema 71. Hapo ndipo waliponiwekea mpira puani, na nikakaa nao mpaka katikati ya Septemba. Ulipopiga simu nilikuwa nimerudi kulazwa mara ya pili. Majirani nimewakataza mimi kusema.

Athumani aliingia Jumanne moja ya Oktoba, nimesharudi nyumbani, akiwa na tiketi mbili za basi la Alhamisi, yake na yangu. Alinikuta uani nampaka bibi harusi wa Kimandolu, mama yake na shangazi zake wamejaa mikekani, na miongoni mwao yumo yule wa Engutoto aliyeuvuta mguu. Mdogo wangu hakusalimia vizuri. Alisimama mlangoni akasema, "Dada, fungasha. Wameshanieleza hospitali. Utafia hapa kwa ubishi."

Nilimaliza ua nililokuwa nalichora. Halafu nikachukua kidude, nikakibana kwenye kidole cheupe mbele yao wote, nikasubiri, nikasoma kwa sauti. Themanini na sita. Nikawaambia, hii ndiyo namba yangu ya leo. Jana ilikuwa 89. Nikitoka bombani ni 79. Mwezi wa nane ilikuwa 71 na nilikuwa nakwenda kaburini. Si TB na si ile msiyoitaja. Ni moshi wa maandazi ambayo nyote humu mmekula, na wengine mlikula kwa mkopo. Asiyetaka nimshikie mtoto wake mguu, mlango uko pale. Hakutoka mtu. Yule wa Engutoto alitazama mkeka.

Nikamgeukia Athumani. Nikamwambia, huko kwako nitapata namba mbili tatu zaidi, Zakia amesoma na simbishii. Nazitaka hizo namba, nani asiyetaka kupumua. Lakini mkeo anapikia makumbi ya nazi uani, chini ya dirisha la hicho chumba ulichoniandalia, na huwezi kumwambia mke mwenye mtoto mchanga asipike kwa sababu ya wifi. Hapa hakuwashwi mkaa uani kwangu, nimepiga marufuku na wamezoea. Hapa Eunike anakijua kifua changu na kidole changu. Hapa maharusi wanakuja mimi nimekaa. Kwako nitakuwa mgonjwa wa chumba cha nyuma anayeulizwa kila asubuhi kama ameamka, na huyo hatafika mwaka. Nilisema yote hayo kwa vituo, nikipuliza uji wangu katikati, nao wakanisubiri.

Alikaa kwenye kigoda akatazama vyombo vyangu. Kisha akauliza jambo ambalo hata wewe hukuniuliza. "Nani anakuchekechea hina?"

Hakuna. Unga wa hina ukiuchekecha unaruka vumbi, na vumbi hilo linanikohoza mpaka jioni. Nafunga kitambaa mdomoni nachekecha mwenyewe, kwa sababu ningemwomba mtu angejua nimeshindwa. Nilimwambia hivyo hivyo. Athumani, afisa wa watu mwenye suruali ya pasi, akavua koti. Akajifunga kitambaa changu usoni, akahamia kona ya mbali karibu na choo upepo unakopeleka nje, akachekecha debe zima. Shangazi za bibi harusi walisahau hata kuimba. Alipomaliza alikuwa wa kijani mpaka kwenye nyusi. Ameelewana na Nalepo, binti wa Nalepo atakuwa akichekecha kila Jumamosi huko huko Ngaramtoni na kuniletea ukiwa kwenye mfuko.

Na mimi nimekubali yangu. Kila Ijumaa nitapima kidole cheupe, nikiwa nimekaa na nikitoka bombani, na nitakuandikia namba yoyote itakayotoka hata kama ni ya aibu. Ikishuka chini ya themanini na tano nikiwa nimekaa, naenda kwa Eunike bila kubembelezwa. Kidole hicho hakitoki eda tena, nimeshawaambia. Wewe nawe hujanijibu tangu Februari lini unarudi. Nimekupa namba yangu, nipe na yako, iwe yoyote.

Usiniombe tena kuhama. Nitakufa siku moja, Zakia, na huenda ikawa kabla hujarudi, na hilo linaniuma kuliko kifua. Lakini mpaka hapo nataka nikiitwa niitikie mwenyewe, mlangoni kwangu, nikiwa na kazi mkononi.

Alhamisi alfajiri nilimsindikiza Athumani hadi stendi. Tulikwenda taratibu, nikisimama kila kifua kilipotaka, naye akisimama nami. Kondakta akauliza, "Abiria wa pili yuko wapi?" Athumani akamwambia hasafiri. Akapanda, akaweka mkoba wake kwenye kiti alichonilipia, akaufunga vizuri usianguke, na basi likaondoka.

Ndimi, wa Kaloleni,
Shangazi yako Zamda